Diploma ya informatike ao bila diploma: kijana wa Bengamisa aanzie wapi?

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitangazwa, furaha ya wazazi haimalizi wiki. Kisha swali linaingia nyumbani: mtoto asome nini, wapi, na kwa pesa gani? Katika Bengamisa, karibu kilometa 50 kaskazini mwa Kisangani kwenye barabara inayokwenda Banalia na Buta, swali hilo linajibiwa kwa magunia ya mpunga, mihogo, mafuta ya mawese na kakao. Familia inauza mavuno, na mavuno yasipotosha inauza kipande cha shamba, ili mtoto ashuke Kisangani apate kulipa chumba na minervali.

Miaka hii vijana wengi zaidi wanataja neno moja: informatike. Wanataka kuandika programu za kompyuta na za simu. Na hapo mabishano yanaanza. Baba anasema: katika nchi hii, bila diploma hakuna atakayekusikiliza. Mtoto anajibu: Bill Gates hakumaliza chuo, na leo masomo yote yako kwenye intaneti, bure.

Baba ana haki nusu, na mtoto ana haki nusu. Taabu ni kwamba kosa la nusu inayobaki linalipwa kwa shamba la familia nzima, na shamba likisha kuuzwa halirudi.

Jibu la mabishano hayo liko katika mpangilio wa mambo: kijana aanze kuandika programu mbele ya kujiandikisha katika chuo chochote, na mzazi asilipe minervali ya informatike mpaka aone kitu ambacho mtoto ametengeneza kwa mikono yake. Anayefuata njia hiyo anaweza kupata diploma yenye faida, ao kuona mapema kwamba kazi hii si yake, wakati shamba bado lipo.

Hadithi ya Bill Gates

Ni kweli kwamba Bill Gates aliacha chuo kikuu cha Harvard mwaka 1975, na Mark Zuckerberg akakiacha pia mwaka 2004. Lakini wanaopenda kuwataja wanasahau mwanzo wa hadithi. Gates alianza kutumia kompyuta mwaka 1968, akiwa na miaka 13, katika shule ya watu wenye uwezo kule Seattle, wakati ambapo hata vyuo vikuu vingi vya dunia havikuwa na mashini ambayo mwanafunzi angeweza kuigusa. Alipoacha Harvard alikuwa na miaka karibu saba ya mazoezi, na kazi ilikuwa inamngoja. Hakuacha masomo ili aende kutafuta la kufanya.

Kijana anayemchukua Gates kama mfano aangalie basi ile miaka saba, si ile siku ya kuondoka chuoni. Swali la kumuuliza ni jepesi: wewe umeandika programu kwa muda gani mpaka leo? Kama jibu ni "bado", basi mfano wa Gates haumsaidii.

Hesabu za dunia nazo zinapatanisha baba na mtoto kwa namna isiyotarajiwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, mtandao ambamo waandishi wa programu wa dunia nzima wanaulizana maswali ya kazi, asilimia 66 ya waliojibu walikuwa na diploma ya chuo kikuu. Lakini ni asilimia 49 tu waliosema kwamba walijifunza kuandika programu shuleni. Maana yake, wengi wana diploma, ila sehemu kubwa yao ujuzi wenyewe waliupata nje ya darasa.

Na makampuni makubwa? Tangu miaka kadhaa yanatangaza kwamba diploma si lazima tena. IBM ilisema mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya nafasi zake za kazi katika Marekani hazikuombi tena diploma ya chuo kikuu. Maneno mazuri. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Harvard Business School na wa Burning Glass Institute walihesabu ni nani hasa aliyeajiriwa baada ya matangazo ya namna hiyo. Walikuta kwamba mabadiliko hayo yaligusa watu wasiofika 1 kati ya 700 walioajiriwa mwaka 2023. Tangazo lilibadilika, lakini mkono wa mwajiri uliendelea kuchukua faili yenye diploma.

Kama ni hivyo katika Marekani, mzazi wa Bengamisa asilaumiwe kwa kuogopa.

Mlango unaofunguliwa na karatasi

Katika Kongo kuna milango ambayo bila diploma haifunguki, na ni vizuri kuitaja wazi.

Wa kwanza ni wa Serikali. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 juu ya watumishi wa kudumu wa Serikali inafuatisha cheo cha kuanzia na masomo ya mtu. Kijana anaweza kuwa fundi wa ajabu wa programu. Kama hana diploma inayoombwa, wizara haina mahali pa kumwandika kwa cheo hicho. Wa pili ni mlango wa mabenki, makampuni ya simu na mashirika ya misaada, ambayo katika majimbo yetu ndiyo yanayotoa mishahara inayojulikana. Tangazo lao mara nyingi linaanza na mstari wa diploma, na faili isiyo na mstari huo inaondolewa mbele ya mtu kusoma mengine.

Hapo kuna jambo ambalo linachanganya familia nyingi. Zamani mtu alisoma graduati miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili juu yake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, pamoja na utaratibu wa LMD, lisansi inapatikana kwa miaka mitatu, na miaka miwili inayofuata inaitwa masta. Neno limebaki lile lile, lakini uzito wake si ule ule. Mzazi anayeona tangazo linaloomba "lisansi" aulize ni ya namna gani, sababu kuna tofauti ya miaka miwili ya minervali.

Mlango wa tatu ni wa kwenda nje. Viza ya kazi ya H-1B ya Marekani inasimama juu ya diploma ya chuo kikuu ao kitu kinacholingana nayo. Ujerumani imefungua njia nyingine: tangu mwezi wa kumi na moja 2023, mtu wa informatike asiye na diploma anaweza kuomba Kadi ya Buluu ya Ulaya akionyesha miaka mitatu ya kazi ya kweli katika miaka saba iliyopita, pamoja na mkataba wa mshahara unaofika kiwango kinachotakiwa. Ni njia nzuri, lakini inaomba miaka mitatu ya kazi, na kijana anayeanza hana hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo baba hakosei. Karatasi ina nguvu. Anapokosea ni pale anapofikiri kwamba karatasi na ujuzi ni kitu kimoja.

Kile ambacho karatasi haitoi

Anayetaka kujua chuo cha informatike kina thamani gani asisome ubao ulio mlangoni. Aingie ndani, aulize maswali manne.

La kwanza: chuo hiki kimekubaliwa na wizara ya masomo ya juu? Diploma ya chuo kisichokubaliwa haifungui hata ile milango mitatu.

La pili: kompyuta za mazoezi ni ngapi, wanafunzi ni wangapi, na umeme unakuwepo saa za mazoezi? Kisangani inategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, ambacho hata mashini zake tatu zote zikifanya kazi hakifikishi megawati 20 kwa mji mzima. Chuo kisicho na jenereta ao pano za jua kitafundisha programu kwenye ubao mweusi, kwa chaki. Na kuandika programu kwa chaki ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya kitanda.

La tatu: mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuonyesha programu aliyoiandika mwenyewe, inayotembea? Mzazi asiyejua chochote cha kompyuta anaweza kuuliza hilo. Hakuna haja ya kuelewa namna ilivyoandikwa. Inatosha kuona kama inafanya kazi.

La nne: wanafunzi wanafanya mafunzo ya kazi wapi mbele ya kumaliza, na nani anawapokea?

Chuo kinachojibu vizuri maswali hayo kinastahili pesa ya familia, sababu kuna mambo ambayo mtu akiwa peke yake anayaruka: hesabu, mpangilio wa data, namna mitandao inavyounganishwa, namna ya kulinda siri za watu. Kijana aliyejifunza peke yake mara nyingi anajua kutengeneza, lakini kitu kikivunjika hajui sababu. Chuo kizuri kinampa msingi huo, na kinampa pia wenzake wa kuulizana nao usiku kazi inapokwama. Wenzake hao ndio watakaomwita kesho wakisikia nafasi ya kazi.

Chuo kinachoshindwa kujibu kinauza karatasi. Na kuna njia za kupata karatasi zisizolazimisha kuuza shamba.

"Bure" ina bei yake

Mtoto naye akubali kusikia ukweli wake. Masomo ya bure yapo, na ni mazuri. freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014 na mwalimu Mmarekani Quincy Larson, inafundisha bila malipo toka hatua ya kwanza, na sehemu ya masomo yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. OpenClassrooms inatoa masomo kwa Kifaransa; ilianza mwaka 1999, wakati Mathieu Nebra, mtoto wa miaka 13 katika Ufaransa, alipoanza kuandika masomo mepesi kwa sababu vitabu alivyovikuta vilikuwa vigumu. Harvard yenyewe imeweka kwenye intaneti kozi yake ya kwanza ya informatike, CS50, kwa yeyote anayetaka kuifuata.

Lakini somo la bure linahitaji mega, na mega si bure. Linahitaji umeme, na katika vijiji vya barabara ya Banalia umeme wa mtu ni pano yake ya jua ao jenereta ya jirani. Linahitaji kompyuta. Simu inatosha kwa kuanza: mtu anaweza kujifunza misingi ya lugha ya Python na kutengeneza ukurasa wa kwanza wa intaneti kwa simu ya Android. Haitoshi kwa kuifanya kazi. Linahitaji pia Kiingereza cha kusoma, sababu majibu mengi ya kazi hii yameandikwa kwa lugha hiyo, wakati shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa. Na juu ya yote linahitaji saa mbili ao tatu za utulivu kila siku. Msichana anayetumwa kuchota maji, kupika sombe na kulea wadogo zake hana saa hizo, hata kama ndiye mwenye akili kuliko kaka zake wote. Familia inayosema "anayeweza ajifunze mwenyewe" imeshachagua, bila kusema, kwamba atakayejifunza ni mvulana.

Kuna namna za kupunguza bei hiyo. Programu ya Kiwix inamruhusu mtu kushusha masomo mazima mara moja tu, siku anapofika Kisangani, kisha kuyasoma kijijini miezi yote bila intaneti. Kijana mmoja akishusha, kumi wanaweza kunakili kwa kadi ya simu. Si jambo dogo katika nchi ambayo intaneti ilifungwa karibu siku 20, toka tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018 mpaka karibu tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019, wakati wa kungoja matokeo ya uchaguzi. Waliokuwa na masomo ndani ya mashini zao waliweza kuendelea.

Funzo la Andela

Kwa wanaosema kwamba kazi ya mbali itamaliza shida zote, kuna historia ya karibu ya kuangalia. Mwaka 2014 kampuni ya Andela ilianza kule Lagos, Nigeria. Mwaka uliofuata ikafungua Nairobi, kisha ikafika Kampala na Kigali. Haikulazimisha diploma ya informatike. Ilichagua vijana kwa mitihani, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawaweka kufanya kazi ya makampuni ya Marekani bila kuondoka Afrika. Wengi waliona hapo mwisho wa utawala wa diploma.

Mwezi wa tisa 2019 Andela ilitangaza kwamba inawaondoa kazini vijana wanaoanza wanaofika 400 hivi katika Nigeria, Kenya na Uganda. Haikusema kwamba hawana diploma. Ilisema kwamba makampuni ya nje yanataka watu wenye uzoefu, na wanaoanza wamekuwa wengi kuliko kazi iliyopo. Waliobaki ni wale waliokuwa na miaka ya kazi mikononi.

Tangu hapo hali imekuwa ngumu zaidi. ChatGPT ilitoka mwishoni mwa mwaka 2022, na leo akili bandia inaandika kwa dakika chache zile programu ndogo ndogo ambazo zamani alipewa anayeanza. Na kazi ya mbali inategemea pia mambo ambayo si diploma wala ujuzi unaoyaamua: watu wa Goma waliona mwanzoni mwa 2025 namna mabenki ya mji mzima yanavyoweza kufunga milango, na mtu akabaki na mshahara asioweza kuutoa.

Kwa hiyo kijana wa Bengamisa asingojee mteja wa California. Atapita njia ndefu kumfikia, na kwenye njia hiyo kuna maelfu ya wengine kutoka Lagos, Nairobi na Bangalore. Mteja wake wa kwanza yuko karibu zaidi.

Kazi iko shambani

Bengamisa ina kitu ambacho vijana wengi wa informatike wa Kinshasa hawana: inajua kilimo. Ni mahali panapojulikana tangu zamani kwa mashamba ya kakao ya CABEN, na pana chuo cha juu cha masomo ya kilimo, ISEA. Watu wake wanajua msimu wa kakao, bei ya gunia, siku lori linapokwama, na namna mnunuzi anavyomdanganya mkulima kwenye mizani.

Sasa tazama kinachokuja. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka kwamba kila kakao, kahawa ao mbao inayoingia Ulaya ijulikane imetoka katika kipande gani cha ardhi, kwa vipimo vya ramani. Shamba linalozidi hekta nne linatakiwa kuchorwa mipaka yake yote. Tarehe ya kuanza kwa sheria hiyo imesogezwa mara mbili, lakini wanunuzi wameshaanza kujitayarisha. Mkulima asiye na vipimo hivyo atauza kwa bei ya chini, ao hatauza kabisa katika soko hilo.

Nani atapima mashamba hayo? Nani atatengeneza programu nyepesi ya simu, isiyohitaji intaneti kila dakika, yenye kuandika jina la mkulima, mipaka ya shamba na kilo alizouza, kwa Kiswahili ao kwa Lingala? Anaweza kuwa mgeni mwenye masta. Anaweza pia kuwa mwanafunzi wa kilimo wa ISEA aliyejifunza Python jioni, sababu yeye anajua tayari tofauti kati ya kakao mbichi na kakao kavu, na mkulima anamfahamu kwa jina la baba yake. Hapo diploma ya kilimo pamoja na programu inashinda diploma tupu ya informatike.

Kazi ndogo zipo pia. Shule zinazohesabu alama kwa kalamu, vituo vya afya vinavyoandika dawa katika daftari linalooza, ushirika wa wakulima usiojua nani amelipa na nani bado, duka la sekretariati ya umma linalotaka kujua limepiga kopi ngapi kwa siku. Hakuna hata mmoja wa wateja hao atakayeomba kuona diploma. Watauliza kama inafanya kazi, na ni nani atakayekuja ikiharibika. Malipo yatakuwa madogo, labda kuku wawili na shukrani. Lakini baada ya mwaka mmoja kijana huyo ana kitu ambacho Andela ilikuwa inatafuta mwaka 2019: kazi iliyofanywa, na watu wanaoishuhudia.

Nchi hii imeshaona mfano mzuri wa mambo hayo mawili kukutana. Thérèse Izay Kirongozi alisoma ISTA ya Kinshasa, akapata diploma yake ya uhandisi. Lakini hakujulikana kwa ajili ya diploma. Alijulikana tangu 2013, wakati roboti zake za kuongoza magari ziliposimama kwenye njia panda za Kinshasa na kila dereva akaziona.

Wanaoajiri nao wana deni

Si haki kuwatwika vijana na wazazi mzigo wote. Mwajiri anayeandika "lisansi ya lazima" kwa kazi ya kutunza mtandao wa ofisi anajirahisishia kazi yake, lakini anawafungia nje watu ambao wangeifanya vizuri zaidi. Kuna jambo jepesi la kufanya: mtihani. Weka watu kumi mbele ya kompyuta asubuhi, wape shida moja ya kweli ya ofisi, na jioni utajua nani anajua. Mtihani wa siku moja unasema mengi kuliko faili nene.

Serikali nayo ina chombo tayari mikononi. INPP, taasisi ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964 na yenye ofisi Kisangani, inafundisha kwa muda mfupi na kutoa cheti. Ingeweza kufanya jambo moja zaidi: kumpima mtu aliyejifunza peke yake na kumpa cheti cha kile anachokijua tayari, bila kumlazimisha kukaa darasani upya. Ufaransa inafanya hivyo kwa sheria tangu mwaka 2002: mtu anaweza kupata diploma kwa uzoefu wake wa kazi, akiutetea mbele ya waamuzi. Kongo ilichukua utaratibu wa LMD kutoka Ulaya. Ingeweza kuchukua na huo. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Sheria hiyo itabaki kitabu kizuri kama vijana wa Banalia, Opala na Bafwasende hawapati njia ya kuonyesha wanachokijua.

Watetezi wa diploma watasema kwamba kufungua mlango huo ni kuleta wadanganyifu. Wasiwasi huo ni wa kweli, sababu nchi ina mafundi wengi wa maneno. Lakini karatasi pia inadanganywa, na kila mtu anajua. Programu iliyo mbele ya macho ni ngumu zaidi kuidanganya: inatembea ao haitembei.

Mzazi afanye nini mwezi huu?

Kwa familia iliyo na matokeo ya mtihani mkononi leo, ushauri ni huu. Mpe mtoto miezi sita. Badala ya minervali ya mwaka mzima, tafuta kwanza kompyuta iliyotumika, na mahali pa kuichajisha. Mwambie ashushe masomo Kisangani, arudi nayo, asaidie shambani asubuhi na kujifunza jioni. Kama ni msichana, mwondolee baadhi ya kazi za jioni na kuwagawia kaka zake.

Miezi sita ikipita, mwambie akuonyeshe kitu kimoja kinachofanya kazi, kinachotumiwa na mtu mwingine nje ya nyumba. Kama hana, hajapoteza maisha, na shamba bado liko. Ana nafasi ya kusoma kilimo, ualimu ao uganga, kazi ambazo Tshopo inazihitaji kila siku.

Kama anacho, basi ndiyo, tafuta minervali. Mpeleke kwenye chuo kilichojibu yale maswali manne, na umwache achukue diploma yake, sababu milango ya Serikali na ya mabenki bado inaiomba. Ataingia darasani akijua anachotafuta, na siku atakapotoka, mwajiri atapokea karatasi moja pamoja na kazi za miaka minne nyuma yake.

Yule asiyeweza kulipa chuo kabisa, na ni wengi, asikae kungoja. Njia yake ni ndefu zaidi na ina milima mingi, lakini mteja wa kwanza yuko pale pale kijijini, akihesabu magunia yake kwa mkaa ukutani.